Zijue Mbio Zako Hata Ukiwa Huoni: Maelekezo kwa Mwogeleaji Anayetaka Ubingwa

Nilikuwa na miaka 16 nilipoingia fainali yangu ya kwanza ya mita 200, mtindo wa kipepeo. Niliruka vizuri, lakini nilipopasua maji ukingo wa miwani yangu upande wa kulia ukaachia. Kufika mita 60 jicho la kulia lilikuwa limejaa maji, na kabla ya mita 100 la kushoto nalo likajaa. Nikaanza kuinua kichwa kutafuta ukuta. Mwogeleaji wa kipepeo akiinua kichwa nyonga huzama, na nyonga zikizama miguu hugeuka nanga. Kwenye ukuta wa mwisho nilinyoosha mikono mapema mno, nikaserereka bila kugusa kitu, ikabidi nipige mkono mwingine mfupi ndipo nifike. Nilikuwa wa pili kwenye mita 100. Nilimaliza wa saba, na kwa miaka mingi niliilaumu ile miwani.

Tarehe 13 Agosti 2008, nikiwa tayari kocha, nilitazama fainali ya mbio zile zile kwenye Olimpiki ya Beijing. Michael Phelps wa Marekani aliruka, miwani yake ikaanza kuingiza maji, na kufika urefu wa mwisho wa bwawa alikuwa haoni ukuta. Hakuinua kichwa. Alihesabu mikono yake, akagusa kwa dakika 1 na sekunde 52.03, dhahabu na rekodi ya dunia. Ndipo nilipoacha kuilaumu miwani. Tatizo langu lilikuwa kwamba sikuzijua mbio zangu. Nilizijua kwa macho tu, na macho yalipoondoka nikabaki sina kitu.

Tangu siku ile kila anayefika kwangu akitaka kushindana huanza na hesabu. Haya ninayoandika ni kwa ambaye tayari anaogelea mitindo yote minne, ana kocha, na anataka kujua bingwa hutengenezwaje kuanzia ndani. Kama bado unaogopa maji, usione aibu, nenda kajifunze kwanza kwa utulivu. Adam Peaty wa Uingereza aliogopa maji utotoni, hata ya bafuni, na ndiye aliyekuja kuogelea mita 100 mtindo wa kifua kwa sekunde 56.88 mwaka 2019.

Hesabu ya mikono

Chukua daftari dogo na penseli. Nasema penseli kwa sababu kalamu ya wino huchuruzika ukurasa ukilowa, na daftari la mwogeleaji hulowa kila siku. Ogelea mita 50 mara nane kwa kasi yako ya mashindano, ukipumzika dakika moja na nusu katikati, na kila mara hesabu mikono. Kwenye mtindo huru na wa chali kila mkono mmoja ni moja. Kwenye kipepeo na kifua mikono miwili ikienda pamoja ni moja. Andika idadi na muda kando yake.

Wiki ya kwanza utaona aibu ya namba. Utakuta 38, 41, 37, 44. Maana yake huna mkono wako bado. Unao mikono minne tofauti, na siku ya mashindano hujui utakuja na upi. Endelea hadi tofauti isizidi mkono mmoja. Kwa wengi huchukua miezi miwili. Kisha fanya kazi ngumu zaidi: hesabu ukiwa umechoka. Mikono ya mita 50 za kwanza na ile ya mita 50 za mwisho katika mbio za mita 200 haiwezi kulingana, na haitakiwi kulingana. Kama kipepeo chako kinaanza na 19 na kumaliza na 23, ijue hiyo 23 kama unavyolijua jina lako.

Kuna mtego hapa ambao nimewaona vijana wakiuingia, hasa wale wanaopenda kusifiwa. Wakijua kocha anahesabu, wanaanza kuserereka ili namba ishuke. Mikono michache kwa muda ule ule ni maendeleo. Mikono michache kwa muda mrefu zaidi ni uvivu uliovaa nguo nzuri. Ndiyo maana namba mbili huandikwa pamoja kila siku, bila kuachanisha.

Ukishazishika hizo, fanya zoezi la macho. Mara moja kwa wiki, ukiwa peke yako kwenye njia yako na mwenzako amesimama ukutani kukulinda, fumba macho ukishapita mita 40 na umalizie kwa hesabu. Mwenzako aweke mkono wake mbele ya ukuta kwenye usawa wa kichwa chako. Mara ya kwanza utapunguza kasi kwa hofu, na hiyo ndiyo hofu tunayotaka ufahamiane nayo. Nawaambia vijana wangu wakatazame waogeleaji wasioona kwenye Paralimpiki. Wao huvaa miwani iliyotiwa weusi ili wote walingane, na msaidizi aliyesimama ukingoni humgusa mwogeleaji kwa fimbo yenye ncha laini ukuta unapokaribia. Tazama jinsi wanavyouendea ukuta kwa kasi kamili, halafu uniambie kama wewe unayeona una sababu ya kuinua kichwa.

Kwa mtindo wa chali hesabu inaanzia kwenye bendera zilizotundikwa mita 5 kabla ya ukuta. Hesabu mikono kutoka bendera hadi kugusa, kwa kasi ya mbio, si kwa kasi ya kupasha mwili. Mwogeleaji wa chali anayegeuza shingo kutafuta ukuta hajafanya kazi hii.

Ukutani ndipo tabia inapoonekana

Mwogeleaji hana kasi kubwa kuliko ile anayokuwa nayo anapoingia majini baada ya kuruka na anaposukuma ukuta. Kila kinachofuata ni kuipoteza kasi hiyo polepole. Kwa hiyo anayezitupa kuta zake anatupa zawadi. Sheria inakuruhusu kubaki chini ya maji hadi mita 15 baada ya kuruka na baada ya kila kugeuka, kwa mtindo huru, chali na kipepeo. Kichwa kiwe kimetoka kabla hujazipita. Katika mtindo wa kifua kuna mvuto mmoja mrefu chini ya maji, na teke moja la pomboo, yaani miguu miwili ikipiga pamoja, linaruhusiwa.

Mtu wa kumtazama siku hizi ni Léon Marchand wa Ufaransa. Jioni ya tarehe 31 Julai 2024 mjini Paris alishinda mita 200 kipepeo na mita 200 kifua, usiku mmoja. Kwenye kipepeo alikuwa nyuma ya Kristóf Milák wa Hungaria hadi mita 150. Aligeuka, akazama, na alipoibuka mbio zilikuwa zimebadilika. Aliijenga ile mita ya 150 muda mrefu kabla, kwenye asubuhi nyingi ambazo hakuna aliyekuwa akimtazama.

Fanya hivi. Chagua idadi ya mateke ya pomboo utakayopiga baada ya kila ukuta. Kama ni manne, yawe manne. Yawe manne kwenye mita 50 za kwanza za mazoezi na kwenye mita 4,000. Yawe manne kocha akitazama na akiwa amekupa mgongo anaongea na mtu. Mimi nikitaka kujua kama kijana ana moyo wa ubingwa huwa simwangalii anapokimbizana na wenzake. Nageuka upande, naacha dakika kumi, kisha namtazama kwa pembe ya jicho anavyotoka ukutani. Wengi huwa wamebaki na mateke mawili. Wachache sana bado wana manne, na hao nawaandika kwenye daftari langu.

Onyo ambalo sitalifupisha: usifanye kamwe mashindano ya kubana pumzi, wala usiogelee chini ya maji ukiwa peke yako, wala usivute pumzi nyingi za haraka haraka kabla ya kuzama ukidhani unajiongezea hewa. Kuhema hivyo hupunguza kabonidioksaidi mwilini, na hiyo ndiyo inayokupa hamu ya kuvuta pumzi. Ukiipunguza, ile hamu inachelewa, oksijeni inakwisha, na unazimia majini bila dalili yoyote. Waogeleaji hodari wamekufa hivyo. Mateke chini ya maji hufanywa ndani ya mazoezi ya kawaida, na mtu mzima akiwa ukingoni.

Kuhusu kugusa ukuta wa mwisho nitakusimulia mbio tatu. Mwaka 1988, Seoul, mita 100 kipepeo: Matt Biondi wa Marekani alikuwa mbele, ukuta ukamkuta katikati ya mikono miwili, akaamua kuserereka. Anthony Nesty wa Suriname akagusa kwanza, sekunde 53.00 kwa 53.01. Mwaka 2008, Beijing, mita hizo hizo: Milorad Čavić wa Serbia aliserereka, Phelps akapiga nusu mkono wa ziada, 50.58 kwa 50.59. Miaka minne baadaye, London, mita 200 kipepeo, Phelps yule yule ndiye aliyeserereka kuufikia ukuta, na Chad le Clos wa Afrika Kusini, aliyekuwa na miaka 20, akampita kwa sekunde 0.05. Mtu mmoja, ukuta ule ule, pande zote mbili za hadithi. Hakuna kipaji kinachokukinga hapo. Kwa hiyo kila unapomaliza, hata kama ni mita 50 za kupoza mwili, maliza kwa kugusa kweli: kichwa chini, usivute pumzi tangu bendera, vidole vipige ukuta. Kipepeo na kifua gusa kwa mikono miwili kwa wakati mmoja. Nimeona binti akiondolewa kwenye matokeo kwa kugusa na mkono mmoja, baada ya kuongoza mbio nzima, na akalia hadi akashindwa kuvua kofia. Alikuwa akigusa hivyo mazoezini kila siku. Nilikuwa namwona, sikumkemea vya kutosha, na hilo nalibeba mimi.

Mwendo, na mtu anayeitwa Ledecky

Vijana wengi wanaoniuliza kuhusu ubingwa wanadhani ni hasira. Wanataka niwafundishe kuwa wakali. Mimi nawapa hesabu ya Katie Ledecky wa Marekani. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 aliogelea mita 800 mtindo huru kwa dakika 8 na sekunde 4.79. Gawanya kwa mara 16 unapata wastani wa sekunde 30.3 kwa kila mita 50. Hebu kaogelee mita 50 moja kwa sekunde 30, ukikaa pembeni upumzike, kisha fikiria nyingine kumi na tano bila kusimama. Aliyekuja wa pili alikuwa nyuma kwa zaidi ya sekunde 11. Dhahabu yake ya kwanza ya mita 800 aliipata London 2012 akiwa na miaka 15, na ya nne mfululizo Paris 2024 akiwa na 27. Mwaka 2025 akaishusha tena rekodi yake ya dunia, 8:04.12.

Ninachokipenda kwake kuliko medali ni namba 565. Kabla ya Rio yeye na kocha wake Bruce Gemmell walikubaliana malengo: mita 400 kwa 3:56 na sehemu zake au chini, mita 800 kwa 8:05 au chini. Wakachukua 56 ya kwanza na 5 ya pili, ikawa 565, na ikaandikwa kwenye boya lake la kubana mapajani, kile kifaa anachokishika kila siku mazoezini. Kwa mwingine yeyote ilikuwa namba isiyo na maana. Rio aliogelea 3:56.46 na 8:04.79. Ona jinsi lengo lilivyokuwa dogo, la siri na la hesabu kamili. Hakuandika «nitakuwa bingwa».

Wewe nawe tafuta namba yako. Isiwe ndoto ya rekodi ya dunia; iwe muda ulio mbele ya uwezo wako wa leo kwa kiasi ambacho miezi minane ya kazi inaweza kukifikia. Igawanye kwa kila mita 50. Kisha jifunze kuisikia mwilini. Kila ukigusa ukuta, kabla ya kutazama saa ya bwawani, taja muda unaodhani umeogelea. Taja kwa sauti, mwenzako asikie. Mwanzoni utakosea kwa sekunde mbili, tatu. Nina waogeleaji ambao sasa wanakosea kwa sekunde 0.3, na hao hakuna mtu anayeweza kuwavuta kwenye mwendo usio wao. Mpinzani akichomoka mita 50 za kwanza wanamwacha aende. Wanajua kilicho kwenye miguu yao na wanajua kilicho kwenye miguu yake pia.

Ogelea mbio nzima kichwani

Phelps na kocha wake Bob Bowman walikuwa na desturi ya kuziona mbio kichwani kabla hazijaogelewa, usiku kabla ya kulala na asubuhi baada ya kuamka: kuruka, kila mkono, kila ukuta, pamoja na mambo yanayoweza kuharibika. Watu wengi wanalijua hilo na wanalifanya vibaya. Wanajilaza, wanajiona jukwaani wamevaa medali, wanasinzia wakitabasamu.

Lala chali, fumba macho, shika saa ya kupimia muda. Bonyeza unaposikia ishara ya kuanza kichwani mwako, bonyeza tena unapogusa ukuta. Muda ule ulinganishe na muda wako halisi.

Nilikuwa na kijana wa miaka 14, mwogeleaji wa chali, muda wake wa mita 200 ulikuwa dakika 2 na sekunde 31. Nilimwambia alale kwenye benchi afanye hivyo. Akaamka anafurahi.

«Kocha, nimemaliza.»

«Saa inasemaje?»

«Moja na hamsini na mbili.»

Nikamwambia arudie, safari hii anisimulie kwa sauti kila mita 50. Ya kwanza aliisimulia vizuri, mpaka sauti ya maji masikioni. Ya pili vizuri. Akageuka, akasema, «Halafu naingia za mwisho.» Mita 50 za tatu hazikuwepo. Alizifuta. Na ukiangalia karatasi zake zote za mashindano, hapo ndipo alipokuwa akifia: mita ya 100 hadi ya 150, ambapo raha ya kuanza imekwisha na ukuta wa mwisho bado uko mbali. Hata kichwani hakutaka kwenda huko.

Tukakaa wiki sita kwenye mita 50 zile tu. Kila jioni alizisimulia: mapaja yanawaka, bega la kushoto linaanza kuzama, mtu wa njia ya pembeni anasogea, mikono 39, mateke manne, dari ya bwawa inapita taratibu. Alipoweza kulala kwenye benchi na kuamka na 2:30, nilijua yuko tayari. Mtu hukimbia sehemu asiyotaka kuifikiria. Itafute ya kwako, na nakwambia mapema kwamba kwa mbio za mita 200 itakuwa karibu kila mara ile ya tatu.

Weka na ajali ndani ya zile mbio za kichwani. Miwani imejaa maji. Kofia imepasuka ukiwa chumba cha kusubiri. Umepewa njia ya 8. Kwa ajali hizi Bowman alienda mbali zaidi: amesimulia kwamba aliwahi kukanyaga miwani ya Phelps makusudi kabla ya mbio ndogo, ili ajifunze kuogelea haoni vizuri. Mimi siwakanyagii vijana miwani, naona kuna njia za upole zaidi, lakini mara moja kwa mwezi nawaambia wavute mkanda wa miwani na kuingiza maji kidogo, kisha waogelee mita 200 hivyo hivyo.

Na kuhusu njia ya 8: fainali ya mita 400 mtindo huru, Tokyo, Julai 2021. Ahmed Hafnaoui wa Tunisia, miaka 18, aliingia fainali akiwa na muda wa mwisho kati ya wanane, kwa hiyo akawekwa pembeni kabisa. Alishinda kwa 3:43.36. Kazi ya mchujo ni kukupa njia. Ukishaipata, huo ni ukuta na maji kama ya mwingine yeyote.

Siku yenyewe

Hapa sina mengi. Beba miwani miwili iliyokwisha kutumika, kofia mbili, taulo mbili. Kula ulichozoea kula. Pasha mwili kwenye bwawa lenyewe kama linaruhusu, na ukiwa humo hesabu mikono kutoka bendera hadi ukuta mara tatu, kwa kuwa kila bwawa lina mwanga wake na ukuta wake. Usianze kabla ya ishara. Mtu huondolewa kwa kosa moja tu, hapewi nafasi ya pili. Ukiwa chumba cha kusubiri usiwatazame wenzako misuli. Taja namba zako kimoyomoyo: mikono, mateke, mikono, mateke.

Ukishindwa mbele ya watu

Tabia ya bingwa niliyoisoma kwa muda mrefu kuliko zote ni ya Kirsty Coventry wa Zimbabwe, kwenye Olimpiki ya Beijing. Alianza na mita 400 za mitindo minne, akapata fedha. Mita 100 chali: nusu fainali aliweka rekodi ya dunia, sekunde 58.77, kisha fainalini akashindwa na Natalie Coughlin, fedha tena. Mita 200 za mitindo minne, fedha ya tatu. Fikiria siku hizo. Kila fainali ikiisha umesimama jukwaani ukisikiliza wimbo wa taifa wa mtu mwingine, mara tatu, na kila mwandishi anakuuliza swali lile lile. Mbio zilizobaki ni moja, mita 200 chali, aliyokuwa ameishinda Athens mwaka 2004. Tarehe 16 Agosti aliogelea 2:05.24, dhahabu na rekodi ya dunia. Mwanamke huyo huyo mwaka 2025 alichaguliwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza, na mimi sikushangaa.

Ninachowafundisha kutokana na hilo ni utaratibu, kwa sababu utaratibu ndio unaoweza kufundishwa. Ukitoka majini umeshindwa, kwanza mpe mkono aliyekushinda. Pili, nenda moja kwa moja kwenye bwawa la kupoza mwili, dakika kumi na tano, polepole. Asidi iliyojaa kwenye misuli haijali kama umeshinda au la. Huko majini lia kama unataka kulia, miwani itakuficha. Tatu, ukitoka andika mambo mawili kwenye daftari: namba iliyotoka sawa na namba iliyokosea. Usiandike hisia usiku ule. Nne, funga daftari hadi kesho.

Le Clos alipomshinda Phelps mwaka 2012, Phelps alistaafu, akarudi, na mwaka 2016 huko Rio akiwa na miaka 31 akaichukua tena ile mita 200 kipepeo kwa 1:53.36. Katikati ya miaka hiyo, na hata kabla yake, alipitia sonona nzito, na yeye mwenyewe ameisema hadharani mara nyingi. Naomba usiipite sentensi hiyo haraka. Mwenye dhahabu 23 za Olimpiki aliwahi kufika mahali hakutaka kuendelea kuishi, na kilichomsaidia ni kusema na kutafuta msaada.

Kwa hiyo sehemu hii naiandika kwa moyo wote. Simone Manuel, aliyeshinda mita 100 mtindo huru Rio 2016, mwaka 2021 aligundulika kuwa na hali ya mwili kuzidiwa na mazoezi. Alikosa usingizi, akawa na huzuni, na alipoogelea kwa nguvu zote mwili haukujibu. Alipumzika miezi kadhaa bila kuogelea, akarudi, na Paris 2024 akapata fedha katika mbio za kupokezana. Pima mapigo ya moyo wako kila asubuhi kabla hujaondoka kitandani na uyaandike. Yakipanda mapigo kumi juu ya kawaida yako siku mbili tatu mfululizo, mwambie kocha. Ukianza kulichukia bwawa kwa wiki nzima, mwambie kocha. Kocha akikujibu kwamba unadeka, mwambie mtu mwingine: mzazi, daktari, mwalimu, yeyote mwenye masikio. Mimi mwenyewe nilipokuwa naogelea niliambiwa kwamba maumivu ya bega ni woga, na bega lile hadi leo halinyanyuki kufika juu ya kichwa.

Kwa mzazi

Nimebakiza maneno kwa anayemsubiri mtoto mlangoni na taulo. Safari ya kurudi nyumbani inamjenga mwogeleaji au kumbomoa kuliko masaa mawili ya mazoezi yangu ya asubuhi. Usimuulize ameshika nafasi ya ngapi, ubao umekwisha kukuambia. Usimlinganishe na wa njia ya pembeni. Mpe maji, mwache anyamaze kama ananyamaza. Akianza kuzungumza mwenyewe, muulize leo alihesabu mikono mingapi kwenye mita 50 za tatu.